Ngamia wa Sebuleni

Nimezaliwa Ngamiani hapa Tanga, nimekulia Ngamiani, nimeoa Ngamiani barabara mbili tu kutoka kwetu, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona ngamia akikatiza katika barabara zetu za namba, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Baiskeli, usiseme. Mbuzi wa jirani, kila siku. Ngamia, hapana. Nilikuja kumwona mwaka jana mwezi wa Februari, saa kumi na nusu alasiri, ndani ya sebule yangu mwenyewe, akiinua nundu yake chini ya mkeka, palepale mshenga alipokuwa ameketi.

Tena ngamia huyo nilimnunua mimi, kwa fedha za mafao.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba, na sakafu yake ilikuwa ile ya saruji nyekundu ambayo kila mtu wa umri wangu aliisugua utotoni. Ukiipaka polishi ukaisugua mpaka jasho likutoke, unajiona uso. Ila ilikuwa na tabia moja: mgeni akija na kanzu nyeupe akakaa chini, aliondoka na muhuri wa nyumba yetu makalioni. Watu wa mtaa walijua nani kala pilau kwetu kwa kumtazama nyuma tu.

Nilipostaafu ualimu, mama watoto akaniwekea simu mbele ya macho. Dada yake wa Dar alikuwa ametuma picha ya sebule yake. Sakafu ya mbao, inang'aa, ina mistari ya mti, ina mpaka vijicho vya matawi. "Hiyo si mbao," akaniambia, "ni vinili. Maji hayaingii, mchwa hawaili, na fundi anaipachika kwa siku moja." Mafao yalikuwa na wiki mbili tu benki, na mimi nilikuwa bado najiona tajiri.

Dukani muuzaji alichukua kipande akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akakitoa, akakifuta kwa shati lake. "Mzee, unaona kimelowa?" Hakikulowa. Akakikwaruza kwa funguo. Hakuna alama. Akanieleza kwamba kimeundwa kwa matabaka: chini plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, juu yake picha ya mbao iliyochapwa, na juu ya picha utando mwembamba usioonekana wa kuilinda. Nikawaza, mawe ya chokaa sisi Tanga tumejaaliwa, mapango yote ya Amboni ni hayo hayo, halafu tunauziwa yakiwa yamechanganywa na plastiki na kupigwa picha. Nikalipa hivyo hivyo. Nikarudi na makasha kumi na mawili kwenye guta, nimekaa juu yake kama bwana harusi.

Shangazi yangu, dada wa baba, ana miaka themanini na ushei. Alikuja siku ileile. Akagusa ubao kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mti gani huu, baba?"

"Si mti, shangazi. Ni picha ya mti."

Akanitazama kitambo. "Yaani kaka yangu alikuachia sakafu, wewe ukaenda kununua picha."

Fundi nilielekezwa, kijana mpole wa Makorora mwenye penseli sikioni. Alikuwa na masharti matatu. La kwanza, makasha yalale ndani ya nyumba siku mbili nzima kabla ya kufunguliwa, ili mbao zizoee joto la chumba. Hilo nililikubali upesi kwa sababu halikuwa na gharama.

La pili, alilaza ubao mnyoofu wa aluminiamu sakafuni na kuingiza kidole chini yake. Kidole kikaingia. "Mwalimu, sebule yako ina bonde. Hizi mbao zinashikana kwa meno membamba. Zikikanyagwa juu ya shimo kila siku, meno yanavunjika. Tumwage kwanza saruji ya kusawazisha." Nikauliza bei. Akaitaja. Nikamwambia bonde hilo nimejifunzia kutambaa na halijamvunja mtu meno.

La tatu ndilo lililoniponza.

"Ukutani nitaacha mwanya," akasema. "Milimita sita hivi, kila upande."

"Wa nini?"

"Sakafu ipumue."

Nilicheka mpaka nikakalia kasha. "Ipumue? Ina mapafu? Ina pua?"

Kijana hakucheka. "Hii haigundishwi chini, Mwalimu. Inalala tu, inaelea. Joto likiipata inatanuka, inataka pa kwenda. Mwanya wenyewe hutauona, tunaufunika kwa skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta."

Sasa mwanya ule niliutazama kwa macho ya mtu aliyepigana na mende wa Ngamiani maisha yake yote. Mwanya wa milimita sita kuzunguka chumba kizima ni barabara kuu ya mende, tena yenye paa juu. Na moyoni nilikuwa na jingine ambalo sikulisema: nilishuku kijana anataka kubakisha mbao mbili tatu akaziuze. Basi nikamsimamia siku nzima. Kila ubao wa mwisho ukifika ukutani nasema, "Sogeza. Sogeza tena. Naona mwanga hapo." Akagonga kwa nyundo ya mpira mpaka sakafu na ukuta vikashikana kama nazi na kifuu chake.

"Umeona?" nikamwambia. "Hata wembe haupiti."

Akakusanya vifaa vyake, akapokea hela yake, na alipofika mlangoni akageuka. "Mimi nimesema, Mwalimu."

Ilikuwa Julai. Kusi inavuma, alfajiri mtu unatafuta shuka.

Sitadanganya, wiki za kwanza zilikuwa tamu. Majirani walikuja kwa kisingizio cha kuomba chumvi, wakavua viatu, wakatembea kwa ncha za vidole. Mama watoto akaacha kabisa kukaa uani. Mimi nikawa nasoma gazeti nimelala chini kifudifudi, makusudi, ili mtu akichungulia dirishani aone.

Halafu bonde likaanza kusema. Ukikanyaga katikati ya sebule, ubao unazama kidogo: ka. Ukiinua mguu: ko. Mchana husikii, mtaa una kelele zake. Usiku ni balaa. Tangu daktari aninyime sukari, nilikuwa na desturi ya kuamka saa sita za usiku kwenda kwenye kabati la vyombo, ambako nyuma ya birika la kahawa huwa naficha halua. Ka, ko. "Unakwenda wapi, Baba Watoto?" sauti inatoka chumbani. Usiku wa pili nikapita kando ya ukuta, ubavu kwa ubavu kama kaa wa mikokoni. Ka, ko. Usiku wa tatu nikasema nitatambaa ili uzito ugawanyike. Mtu mzima, baba wa watoto watano, nimepiga magoti na viganja. Ka ko ka ko ka ko ka ko. Mama watoto akawasha taa.

Na zulia dogo la mlangoni, lile lenye mpira chini. Tulipoliinua baada ya miezi michache tukakuta mstatili wa manjano juu ya picha yetu ya mti. Tukajaribu sabuni, tukajaribu limau, tukajaribu majivu. Wapi. Fundi alikuja kunieleza baadaye kwamba mpira na vinili vikilaliana muda mrefu mpira huachia kemikali, na kemikali hiyo huingia ndani ya plastiki yenyewe na kuigeuza rangi, kwa hiyo hakuna cha kusugua. Ikabidi zulia lirudi palepale, kufunika alama ambayo lenyewe ndilo lililoiweka.

Ndipo ikaja Februari, na posa.

Binti yetu wa tatu alikuwa amependwa na kijana wa Chumbageni, watu wa heshima zao, na siku ikapangwa: Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, wazee watakuja kuleta barua. Mama watoto akaingiwa na homa ya usafi. Dirisha la sebule, la mbao, linaloelekea magharibi, likang'olewa likawekwa la vioo vya aluminiamu linalomeza karibu ukuta mzima. Kabati la baba, la mninga, ambalo wanalibeba watu wanne na bado mmoja ataumwa mgongo, likasogezwa upande wa ndani na kujazwa kila chombo tulicho nacho ili wageni wavione. Juu yake nikaweka tufe na pete, kifaa cha shaba cha kufundishia jinsi vitu vinavyotanuka kwa joto, ambacho walimu wenzangu wa Sayansi walinizawadia nilipostaafu. Mapazia mapya yalikuwa kwa fundi cherehani, aliyeapa kuyaleta saa sita mchana. Saa sita ya fundi cherehani mnaijua.

Kwa hiyo jua la kaskazi, lile la Tanga la Februari ambalo hata kivulini unachezea nyuzi 32, lilipoanza kuteremka upande wa magharibi liliingia sebuleni bila kubisha hodi. Hakuna pazia, hakuna mti, kioo kitupu. Nilipita pale miguu mitupu nikaruka kama niliyekanyaga kikaango.

Ila kulikuwa na jambo lililonifurahisha mno. Siku hiyo ka na ko zilikuwa zimenyamaza. Nilitembea huku na huku, nikarukaruka kidogo, kimya. Nikamwita mama watoto. "Unasikia? Sakafu imejirekebisha yenyewe."

Kumbe ilikuwa imebana pumzi.

Wageni walikuja sita. Mbele mshenga, mtu mkubwa wa kimo na wa tumbo, kanzu imenyooshwa mpaka inakata, koti jeusi, kofia ya viua. Nyuma yake wazee wanne wa ukoo, na wa mwisho kijana mmoja, kaka wa bwana harusi, aliyebeba bahasha imefungwa ndani ya leso nyeupe. Huyo kijana sura yake niliiona naijua lakini sikuikumbuka. Ukifundisha darasa la sita kwa miaka 34, nusu ya Tanga ina sura unayoijua.

"Hodi hodi wenyewe!"

"Karibuni, karibuni ndani!"

"Starehe!"

Wakaketi juu ya mkeka katikati ya sebule, mshenga akipewa mahali pa heshima, yaani palepale juani. Upande wetu tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu, na mzee mmoja jirani anayejua maneno. Ukijumlisha, tulikuwa wanaume tisa tuliokalia sakafu ile. Sinia la vitumbua na kaimati likaja. Kahawa ikamiminwa. Kutoka ndani nikasikia Shangazi akipuliza makaa ya chetezo, maana hakuna posa bila udi.

Mshenga akakohoa, akaanza. Alikuwa fundi wa kusema, namshukuru Mungu niliwahi kumsikia kabla mambo hayajaharibika. "Sisi jirani zenu," akasema, "kwetu moto umetuzimikia. Tumetazama huku na huku, tukaona kwenu moshi unafuka. Tukasema, twende kwa watu wema, tukaombe kaa."

Wazee wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa kwa adabu, machozi yananilenga.

Basi mshenga, ili aikabidhi bahasha kwa heshima, akajiinua. Akapiga magoti, akasogea mbele hatua moja ya magoti, akaninyoshea leso kwa mikono miwili. Nami nikaipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake, mahali alipopaacha, nikasikia sauti kama ya mtu anayevunja muwa.

Mkeka ukapanda.

Haukupanda kwa haraka. Ulipanda polepole na kwa nidhamu, kama ngamia anayeamshwa, nundu ikitangulia. Nilimwona. Mdogo wangu alimwona. Mshenga hakumwona kwa sababu alikuwa amenipa uso na ngamia amempa mgongo. Nilitaka kusema, lakini katika posa baba wa binti hasemi ovyo. Mshenga akamaliza dua yake fupi, akarudi nyuma kwa magoti, akajishusha kukaa pale alipokuwa amekaa tangu mwanzo.

Pale hapakuwa tena pale. Sakafu ilimpokea mapema kuliko alivyotarajia. Macho yakamtoka, mdomo ukafunguka, halafu uzito wake wote ukashuka, na ile nundu ikazama chini yake kwa kishindo: KA! Kwa sekunde moja tukadhani yamekwisha. Lakini kitu kilichonyimwa nafasi hapa hutafuta nafasi kule, na mara hiyohiyo ikaibuka mita moja pembeni, chini ya mzee wa pili, yule mwembamba kuliko wote, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amepeleka kikombe cha kahawa mdomoni.

Mzee alipanda pamoja na kikombe chake. Kahawa ikamwagikia kanzu yake, kisha sinia, kisha leso mkononi mwangu.

"Nyoka!" akapiga kelele. "Lahaula! Chini ya mkeka kuna joka!"

Na sisi watu wa Tanga, kwa namna tunavyosimuliwa huko nje, tukisikia kitu kinatembea chini ya mkeka mbele ya posa ya watu hatuulizi maswali. Wanaume wote wakaruka wakasimama, wengine tayari wanasoma kimoyomoyo. Hilo ndilo lilikuwa kosa la mwisho. Sisi tisa ndio tuliokuwa tumeishikilia sakafu. Tulipoinuka sote kwa pamoja na kukimbilia kuta, ngamia akasimama wima kwa raha zake, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati, akapindua sinia, na vitumbua vikabingirika mteremko kwa mteremko kama watoto watoka shule. Kwenye kabati vyombo vikalia chwaa. Tufe la shaba likachomoka kwenye pete yake, likaanguka, likabingirika likaja kusimama mbele ya mguu wangu.

Kwa bahati mbaya neno "nyoka" lilikuwa limefika uani.

Shangazi hakukimbia, wanawake wa kizazi chake hawakimbii nyoka, humfuata. Alitokea mlangoni mkono mmoja mchi, mkono wa pili chetezo kinachofuka udi. "Yuko wapi?" akauliza. Mtu akaelekeza kidole. Shangazi akapiga hatua moja, na hatua ya pili ikamkuta ngamia shingoni. Yeye hakuanguka, ashukuriwe Mungu, mshenga alimdaka. Chetezo ndicho kilichokwenda.

Wageni waliomba kaa. Makaa mawili yalitua katikati ya sebule.

Saruji ya baba ilikuwa ikidondokewa na kaa kila siku ya Mungu, ukilipiga teke linarudi jikoni, habari imekwisha. Picha ya mti haiko hivyo. Ilinyauka, ikakunjamana, ikatoa povu, kisha ikatoa moshi. Na harufu ile, ndugu zangu: udi wa posa umechanganyika na plastiki inayoungua. Wazee wa Chumbageni wakatoka nje wamejiziba pua na vilemba. Mama watoto akaja na ndoo ya maji akamwaga yote. Ka, ko, chwaa, pshshsh.

Nilibaki sebuleni na mtu mmoja tu, yule kijana, kaka wa bwana harusi. Alikuwa amechuchumaa ukutani, amenyanyua ncha ya skatingi iliyobenuka, anajaribu kupitisha ukucha kati ya sakafu na ukuta. Haukupita. Akaokota lile tufe la shaba, akaligeuza kiganjani, akaanza kutabasamu kwa namna ambayo ilinikumbusha dawati la nyuma, upande wa dirishani.

"Shikamoo Mwalimu. Hunikumbuki."

Nikamkumbuka. Ee Mola wangu, nikamkumbuka.

"Ulituuliza," akasema, "kwa nini reli yetu, iliyoanza kujengwa hapahapa Tanga mwaka 1893, iliachiwa mianya kwenye maungio. Nikajibu, ili treni ilie taka-taka. Ukaniambia niandike mara hamsini." Akasimama, akaweka mikono nyuma kama wafanyavyo wanafunzi, akasema kwa sauti ya kuimba: "Vitu mango hutanuka vinapopata joto na husinyaa vinapopoa, kwa hiyo lazima viachiwe nafasi."

"Inatosha," nikamwambia.

"Zilikuwa hamsini, Mwalimu. Nimesema moja."

Posa ilimalizikia barazani, wageni wamekaa kwenye benchi la saruji alilojenga baba, lisilotanuka kwa kiasi cha mtu kujua. Barua ilikuwa na madoa ya kahawa lakini maandishi yalisomeka. Shangazi ndiye aliyeokoa mazungumzo. Alikaa kati ya wazee, akawaomba radhi kwa niaba ya ukoo, akasema, "Sakafu ya kaka yangu ilikaa miaka na miaka na haijamnyanyukia mgeni hata siku moja." Mshenga akacheka mpaka benchi likatikisika. Mzee mwembamba hakucheka. Aliendelea kuitazama miguu yake.

Usiku usingizi ukanipaa. Nikachukua daftari. Sebule yangu ina urefu wa mita 6. Tuseme sakafu ilirefuka milimita 7 tu, unene wa penseli, ile ya sikioni mwa fundi. Ncha zote mbili zimezuiwa na ukuta niliousifia mwenyewe, basi hakuna njia ila kupanda katikati kama paa la nyumba. Nusu ya chumba ni milimita 3,000. Nusu ya sakafu ni 3,003.5. Pembetatu mraba hiyo, kanuni ya Pithagorasi, kimo kinakuja kama milimita 145. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Sivyo. Unene wa penseli moja ukinyimwa pa kwenda unasimama sentimita 14 na nusu, na unamnyanyua mzee na kikombe chake. Ile milimita sita ya kijana wa Makorora, mara pande mbili, ilikuwa 12. Ingetosha na chenji ingebaki.

Fundi alikuja Jumatatu. Sikumwambia kitu na yeye hakuuliza kitu. Habari ilikuwa imeshafika Makorora kabla yangu. Akahamisha kabati, akang'oa skatingi, akaanza kukata ukingo taratibu kuzunguka chumba. Alipofika upande wa pili, sakafu nzima ikashuka yenyewe, pole pole, na kutoa sauti ndefu: fuuu.

"Imepumua," akasema. Ni neno pekee alilojiruhusu.

Aliponyanyua mbao za katikati, zilizovunjika meno, tukaona jingine. Lile bonde langu la kutambalia lilikuwa na maji. Maji ya deki ya miezi saba, kahawa ya posa na ndoo ya mama watoto, yote yalipita kwenye maungio na kandokando, yakakaa chini kwa sababu hayakuwa na pa kukaukia. Juu yake ukungu mweusi, harufu ya kisima kilichofungwa. Zaidi ya hapo, fundi akasema, saruji za nyumba za zamani hazikutandikwa nailoni chini, unyevu wa ardhi unapanda wenyewe, na ukiifunika kwa plastiki unakuwa umeufunikia chungu. Muuzaji hakunidanganya. Vipande vyenyewe maji hayakuvidhuru kabisa. Tulivifuta vikawa kama vipya.

Vile viwili vilivyoungua ni kesi nyingine. Nilidhani unachomoa kimoja unapachika kingine, kama meno ya bandia. Fundi akanieleza kwamba kwa kuwa zimeshikana kila moja na mwenzake, kufika katikati inabidi kufungua kuanzia ukutani, safu moja baada ya nyingine. Nikasema sawa, fungua. Nikaenda dukani kutafuta kasha moja. Muuzaji yuleyule, ndoo ileile. Mti ule, akasema, hawaleti tena. Sasa kuna mti mwingine, mweupe kidogo, wenye vijicho vikubwa.

Kwa hiyo mabaka yapo. Tumeyafunika kwa mkeka, ukili safi wa mkono, usio na mpira. Mgeni mpya akija, Shangazi humfunulia bila kuombwa. "Hapa," humwambia, "ndipo posa ilipopanda." Mwanya tumeuacha, skatingi imerudi, na mende wamehamia kama nilivyotabiri; hilo tu ndilo nililokuwa sahihi.

Harusi ilifungwa baada ya Idi. Katika zawadi kulikuwa na kikasha kidogo kimefungwa karatasi ya kung'aa, kimeandikwa jina langu, si la maharusi. Ndani yake vipande viwili vya mbao, mbao ya kweli, mninga, vimepigwa randa vikalainika. Nikachukua rula nikavipima. Milimita sita kila kimoja. Chini yake karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, mwandiko wa dawati la nyuma, na sentensi ileile imeandikwa mara arobaini na tisa.